Baba Hakuitikia

Mwaka ule nilikuwa karani wa utafiti wa daktari bingwa wa kiharusi, mwanamke aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Asubuhi alitibu wodini, mchana aliinamia madodoso. Mimi nilizunguka vijijini kwa pikipiki, Bashay hadi Basotu, nikiuliza familia swali moja: kwa nini mlichelewa kumleta mgonjwa? Niliandika majibu yao kwa adabu, nikawafundisha dalili, na moyoni niliwadharau. Mdomo umepinda, mkono umelegea, hawaoni?

Siku hizo baba alikuwa hanitaki. Nilikuwa nimeacha ualimu ili niandike riwaya, ukarani ukiwa wa kujikimu tu.

"Mwalimu ana mshahara," aliniambia mbele ya shangazi. "Mwandishi ana nini, kalamu?"

Shangazi akacheka. Mimi nikaacha chakula.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba ameketi nje akiwa amenipa mgongo, shuka limemfunika hadi shavuni, ng'ombe bado zizini.

"Shikamoo baba."

Kimya. Nikarudia. Hakugeuka.

Kwetu mzazi asipoitikia shikamoo, umemkosea, na huzunguki mbele yake kumkodolea macho. Unaondoka hadi hasira ipoe. Nikawaambia wa nyumbani, "Baba amenuna, msimsumbue," nikaenda zangu kazini Dongobesh. Walinitii. Shangazi alimwekea uji pembeni, akarudi jikoni kimyakimya.

Niliporudi alasiri uji ulikuwa umeganda juu na suruali yake imelowa. Ndipo nilipomtazama usoni.

Hospitalini daktari alimhudumia kwanza. Kisha akavuta dodoso, lile lile ninalolibeba kila siku.

"Nani alimwona asubuhi?"

"Mimi, daktari."

Akainua macho. "Wewe?"

"Nilimsalimia, hakuitikia."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba amenuna."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alipitisha kalamu kwenye visanduku vya sababu: umbali, usafiri, dawa za kienyeji, kutojua dalili.

"Kutojua dalili siwezi kukuwekea, mwandishi," alisema. "Dalili unazifundisha wewe."

Chini kabisa, penye nafasi tupu, akaandika neno moja: heshima.

Wiki iliyofuata dodoso lilikuwa na swali jipya: mara ya mwisho mgonjwa aliitikia salamu lini? Daktari alilipenda sana. Alisema hilo ndilo jambo alilokuwa akilitafuta tangu afike kwetu, na macho yake yaling'aa, kisha akakumbuka nimesimama pale, akashusha sauti.

Alinieleza pia kwamba baba anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki, na huenda yasitoke tena. Basi siku moja, wakati daktari anapita wodini na faili zake, nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba baba radhi, kwa kuacha ualimu na kwa asubuhi ile.

Baba alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akafumba macho.

Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechoka.