Kibali cha Kuzima

Miaka ile ya ubinafsishaji tuliletewa wakubwa wapya, nao wakabandika chati ukutani kwenye ofisi yetu ya umeme Tukuyu. Ilionyesha nani anamwamuru nani siku ya dharura. Zamani waya ukianguka, fundi aliye karibu alizima laini kwanza, maelezo baadaye. Sasa hakuna kuzima mpaka kamanda wa dharura, aliyekaa Mbeya, atoe kibali.

Siku moja ya mvua kubwa, mparachichi uliangukia waya huko Lufingo. Mtu alikuja mbio kwa baiskeli kutuambia. Tukaita Mbeya kwa redio.

"Kamanda yuko kikaoni," tukajibiwa.

Kikaoni! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Swichi ilikuwa hatua chache tu kutoka tuliposimama, na msimamizi wetu ameushika ufunguo wake mkononi. Kibali kilipofika, mama mmoja aliyekuwa anarudi na majani ya ng'ombe alikuwa ameshaukanyaga ule waya.

Tulikwenda msibani na gari la kampuni. Kule hakukuwa na chati. Vijana walikuwa wanachimba kaburi, wengine wanapasua kuni, akina mama wanamenya ndizi, na hakuna aliyeuliza aanzie wapi. Sisi wa dharura ndio tuliosimama tu na makoti yetu ya mvua, mpaka mume wa marehemu mwenyewe akaja kutuonyesha pa kukaa.

"Ndaga fijo, wanangu," akasema. "Asanteni kwa kuwahi."