Baiskeli Isiyopumzika

Miaka ya tisini nilikuwa nabeba mizigo kwa baiskeli hapa Tunduma, nikivuka kwenda upande wa Zambia. Friwili yangu, ile gia ya nyuma inayoruhusu miguu ipumzike, ikafa. Nikaichomelea mwenyewe. Tangu hapo gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na breki ikawa miguu yangu. Kwenye fremu nilishachora maua, na kwa maua hayo nilijiona msanii hasa.

Wenzangu walicheka. Mzambia mmoja akaniita shemeji kwa kikwao: "Mulamu, hiyo siyo baiskeli, ni cherehani."

Nilikuwa nautaka mzigo wa mama mmoja muuza mayai, maana ulivuka kila siku. Akakataa. "Baba, mayai yangu si ya kujifunzia." Nikamwomba trei moja tu, naye akanifuata nyuma kwa miguu. Njia ilikuwa mashimo matupu. Wenzangu wenye breki walizifunga ghafla, mizigo ikaruka. Mimi nilipunguza mwendo kwa mapaja, taratibu. Akakagua mayai, yote mazima. Akanipa mzigo wote.

Nikamuuliza ameyaonaje maua.

"Maua gani?"

Niliumia, sifichi. Shule sikusoma, lakini siku ile nilielewa kwamba usanii wangu ulikuwa kwenye ule mchomeleo.