Nani Alimsomesha Mkemia?

Siku tuliyotengeneza gesi ya salfa darasani, nilirudi nyumbani Makorora nikinuka mayai viza. Baba, aliyekuwa na chuo chake cha Kurani, alinusa shati langu akakunja uso. Alizijua harufu za kuwaita majini, na hiyo hakuipenda hata kidogo.

"Hiyo kemia basi," akasema. "Jumatatu nakwenda kukutoa."

Roho ilinipasuka. Kemia niliipenda kuliko kandanda, na kandanda nilikuwa mwendawazimu nayo!

Maktaba ya shule ilikuwa na kamusi nene ya Kiingereza ya maisha ya watu mashuhuri. Humo niliwahi kusoma habari za mkemia wa kale wa Iraki, Mwislamu, mwana wa muuza manukato. Nikaomba kuiazima, nikaruhusiwa, nikatoka nayo mbio hadi nyumbani huku jasho likinichuruzika.

"Shikamoo baba. Hebu sikiliza hapa."

Nikamtafsiria. Alinisikiliza shingo upande, mpaka nilipotaja mji wa yule mtu na kazi ya babake. Hapo akainuka, akashusha rafuni kitabu chake cha Kiarabu cha habari za wanavyuoni, akafunua. Mtu ni yuleyule! Mji uleule, manukato yaleyale. Mimi nasoma changu, yeye anasoma chake, sauti juu, mpaka mama akachungulia kuuliza tunagombania nini.

"Haya, nani alimsomesha?" baba akauliza.

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Kamusi ilikuwa kimya.

"Kitabu gani hicho, kinamtaja mtu bila mwalimu wake? Ati kama mtoto wa kuokota!" Chake kilimtaja sharifu mkubwa, wa ukoo wa Mtume. Baba akakifunga, akanigeukia. "Na wewe hiyo kemia, nani anakusomesha?"

Jumatatu alivaa joho, akachukua halua na ubani, kama mzazi anayempeleka mtoto chuoni. Mwalimu wetu wa kemia, Mzungu kijana, aliduwaa. Baba akanitaka nimuulize: yeye alisomeshwa na nani? Na huyo je? Mwalimu akamtaja wa kwanza, akamtaja na aliyemsomesha huyo, uso ukamwiva, kisha akacheka kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba akawa anaitikia kwa kichwa kila jina, kama anayesikiliza mlolongo wa masheikh.

Kisha akanishika bega, akanisogeza mbele.

"Mwambie," akasema, "baada yake atatajwa huyu."

Nilishindwa kuyatafsiri. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja.