Masahihisho ya Ukurasa wa Nne

Nchi ile ilikuwa na lifti moja. Moja tu, kisiwa kizima, kwenye hospitali ya ghorofa nne, na ikisimama ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. LIFTI YASIMAMA, gazeti liliandika Ijumaa moja. Ijumaa iliyofuata: LIFTI YASIMAMA TENA. Kisha ikaja wiki ambayo hakukutokea jambo lolote, hata kuku kupotea, mhariri akakuna kichwa na kuandika: LIFTI YAENDELEA KUFANYA KAZI.

Aliyeifanya iendelee alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ambayo grisi haikutoka hata kwa sabuni ya unga. Alitoka nchi ya mbali, kubwa, yenye lifti zisizo na idadi, akaja kwa mkataba wa miaka miwili. Huu sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili. Jina lake watu walishalisahau. Kila mtu alimwita Fundi Lifti, naye akaitika.

Starehe yake kubwa ilikuwa gazeti. Lilikuwa la kurasa nne, na mhariri ndiye huyo huyo mwandishi, mpiga picha na msambazaji kwa baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi Fundi Lifti alikaa jikoni kwa mama mwenye nyumba, mshona nguo aliyempangisha chumba cha uani, akampigia simu dada yake mkubwa kule kwao na kumsomea gazeti zima kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Sikiliza hii, dada. 'Taa ya njia panda yabadilishwa balbu. Wananchi wajitokeza kwa wingi.'"

"Unatia chumvi."

"Kuna picha. Hata mimi nimo."

Wakavunjika mbavu. Utamu zaidi ulikuwa chini kabisa ya ukurasa wa nne, kwenye masahihisho, ambapo mhariri aliomba radhi kwa makosa ya wiki iliyopita. Tuliandika kuwa karani wa posta amenunua baiskeli. Baiskeli ni ya shemeji yake. Picha tuliyosema ni ya daktari mpya ilikuwa ya daktari wa zamani aliyenyoa ndevu. Mama mwenye nyumba, akiwa kwenye cherehani yake, hakuona cha kuchekesha.

"Sasa mlitaka waache uongo uendelee?"

Simu hizo ziliisha kwa namna moja. "Haya dada, wasalimie nyumbani," Fundi Lifti alisema, na dada yake akajibu, "Zimefika."

Kitu kimoja hakumsomea dada yake kwa kicheko. Mistari michache juu ya yale masahihisho, gazeti lilitaja watu wote walioshuka kwenye ndege wiki hiyo, pamoja na mizigo yao, maana nafasi ilikuwa tele na habari chache. Waligawanywa mafungu mawili: Wageni, na Waliorudi Nyumbani. Kila mwaka Fundi Lifti alikwenda likizo, na kila aliporudi aliwekwa kwenye Wageni, katikati ya watalii na mawakala wa bima. Mwaka wa kwanza ilikuwa sawa. Mwaka wa kumi na moja ilimuuma, wala hakujidanganya kuwa haimuumi. Akamfuata mhariri ofisini.

"Mhariri, mimi ni mgeni mpaka lini?"

Mhariri alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Wewe una mkataba, fundi. Mtu aliye kwao hana mkataba."

Aliondoka amenuna, akaenda kukaza nati ambazo zilikuwa zimekaza tayari.

Mwaka huu mkataba ulifika mwisho tena. Fomu ya kuuongeza aliiacha mezani bila saini, akaenda likizo kwa dada yake, na kumbe dada alishamtafutia kazi kwenye jengo la ghorofa thelathini, lifti kumi na nane. Alimpokea kwa mikono miwili. Akamlaza chumba cha wageni, akamtolea vile vikombe vya kabatini visivyotolewa hovyo. Fundi Lifti alipotaka kuosha vyombo, watoto wa dada yake wakamnyang'anya sifongo.

"Mama mdogo, kaa bwana, wewe mgeni."

Alikaa, akacheka nao, lakini moyoni aliumia. Huku mgeni, kule mgeni.

"Rudi moja kwa moja," dada yake alimwambia siku ya kuondoka. "Miaka kumi na mbili wanakuandika mgeni. Unangoja nini?"

"Wakiniandika mgeni tena safari hii, sitii saini. Nafungasha, narudi."

"Neno lako hilo?"

"Neno langu."

Alishuka kwenye ndege na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la vipuri vya lifti. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni mwa uwanja wa ndege anamngoja, na hakumwambia hata karibu.

"Umekawia. Lifti imesimama tangu Jumanne, wagonjwa wanabebwa ngazini."

Akamnyang'anya begi la vipuri, wakaenda hospitali na vumbi la safari. Saa mbili baadaye lifti ilikuwa inapanda na kushuka. Muuguzi mkuu alipita, akabonyeza kitufe, akasema, "Mwakani usikae huko muda wote huo," mlango ukafunga.

Ijumaa alilifungua gazeti kuanzia nyuma. Kwenye Wageni hakuwemo. Akasoma mara ya pili, akidhani macho yanamchezea. Kisha akateremka kwenye Waliorudi Nyumbani, na hapo palikuwa na mstari mfupi: Fundi wetu wa lifti, na begi moja.

Kwa furaha akakaa kwenye ngazi. Hapo hapo hofu ikamwingia. Mhariri aliyekosea baiskeli akakosea na ndevu, atashindwaje kukosea fungu? Jumamosi hakumpigia dada yake. Fomu akaiacha ilipo.

"Si uende ukamuulize?" alisema mama mwenye nyumba.

"Nikimuuliza, mama, ndiyo nitamkumbusha."

Jumatano muuguzi mkuu alimsimamisha kwenye korido. "Nasikia kuna mtu amekwenda kulalamika kwa mhariri. Ile habari yako ina kosa."

Roho ikawa juu. Siku mbili alipaka grisi mahali palipokwisha kupakwa, na usiku aliota anafunga mabegi.

Gazeti lilipofika, alilisoma amesimama mlangoni pa jikoni, moja kwa moja kwenye masahihisho. "Wiki iliyopita tuliandika kuwa fundi wetu wa lifti amerudi nyumbani na begi moja. Yalikuwa mawili. Tunawaomba radhi wasomaji."

Akageuza ukurasa, akaurudisha. Hapakuwa na zaidi.

"Ni mimi niliyekwenda," alisema mama mwenye nyumba bila kuinua macho kwenye cherehani. "Lile la pili nililibeba mimi, bega linaniuma mpaka leo. Halafu waandike begi moja?"

"Ni hilo tu, mama? Hukuona kosa lingine?"

"Lipi tena?"

Fundi Lifti alikwenda chumbani, akatia saini fomu, akarudi jikoni huku anafuta macho kwa mkono wa grisi. Jumamosi alimsomea dada yake magazeti yote mawili. Alipofika kwenye mabegi, dada yake alimkatiza.

"Kwa hiyo hurudi," alisema.

"Nimesharudi, dada. Gazeti limeandika."

Dada yake alicheka. Alicheka sana, na kicheko kikamwishia kwenye pua, akapenga.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Wasalimie nyumbani."

Fundi Lifti alimtazama mama mwenye nyumba, aliyekuwa anakata uzi kwa meno.

"Zimefika," akasema.