Mlezi wa Jumamosi

Juzi nilikuwa steshenari hapa Karatu nikisubiri kopi. Mbele yangu mwinjilisti alikuwa akichapisha masomo ya muumini wake mpya, mfugaji wa Nainokanoka, aliyesimama kando ameegemea fimbo.

"Mke wangu ameugua wiki mbili, hukuja," mfugaji alisema taratibu.

"Ndugu yangu, si tulikubaliana kipindi cha Biblia, kila Jumamosi?"

"Ulisema utanilea. Kwetu mzee anayelea rika la vijana waliotahiriwa pamoja haitwi. Anakuja mwenyewe, hata kukaripia."

Mwinjilisti akageuza karatasi moja, akaomba kalamu. "Haya, sema unachotarajia kwangu. Na mimi nitasema changu."

Wakaandikia pale pale kaunta, foleni ikisubiri. Sikulalamika. Nina mtoto niliyemsimamia ubatizo mjini hapa hapa, na nilikuwa nahangaika kukumbuka yuko darasa la ngapi.