Jina Tulilolitangaza Mnadani

Anayesema vijana wa Singida tukienda Dar es Salaam haturudi, mlete dukani kwangu. Nilikwenda na begi moja, nikajisomesha kwa kuuza chaji na kava za simu barabarani, nikarudi na diploma ya kompyuta. Nimeitundika mahali ambapo mteja hawezi kukaa asiione. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Mjini wapo wengine wanaofanya kazi hiyo na siwasemi vibaya, ila walichotengeneza wao huwa nakirekebisha mimi.

Siku moja shangazi yangu alikuja kutoka Kinampanda, ambako yeye na wanawake wenzake wana mashine ya kukamua alizeti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nifungulie tovuti hii." Akaweka bunda la lebo mezani.

Zilikuwa lebo nzuri: ua la alizeti, jina la kikundi, na chini kabisa domeni, yaani lile jina unaloandika kwenye simu ili tovuti ifunguke. Ilikuwa alizeti na jina la kijiji, yameunganishwa. Duka moja la Dodoma lilikuwa limekubali kupokea mafuta yao, na mwenye duka alisema lebo yenye tovuti huonekana ya watu makini. Shangazi akachapisha lebo kwanza. Tovuti ingekuja baadaye. Ndivyo tulivyo, mtu ananunua geti kabla hajachimba msingi.

Nikatafuta lile jina, nikakuta lina mwenyewe. Mtu alilisajili miaka ya nyuma, akaweka ukurasa mmoja, kisha akapotea. Domeni hulipiwa kila mwaka, na muda wa hii ulikuwa unaisha. Asipolipa ingeachiliwa, na anayewahi angeichukua. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa, haipatikani. Nikaandika barua pepe, ikarudi.

"Basi limetupwa hilo," shangazi alisema. "Likidondoka tu, lidake."

Kulidaka ningeweza. Waulize wateja wangu wa Manyoni habari za kasi yangu. Lakini nina akili inayokataa kulala.

"Shangazi, kondoo wa mtu akiingia zizini kwako unafanyaje?"

"Namtangaza."

"Basi na jina tulitangaze."

"Kondoo nikimchinja, mwenyewe atalia. Jina atalililia nani?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunatangaza."

Akaniangalia, akaiangalia diploma, akaniangalia tena. "Ulikwenda kote huko kusoma, ukarudi hivi?"

Kwetu mnyama aliyepotea hawi wako kwa sababu tu amelala kwako. Anatangazwa mnadani, na anayesema ni wake lazima ataje alama, labda sikio lililokatwa au baka la mgongoni. Sijasikia fundi mwingine wa kompyuta aliyewahi kuitumia desturi hiyo kwenye domeni. Nalisema hili bila aibu.

Siku ya mnada wa kijijini tulimfuata muuza dawa ya panya, mwenye spika juu ya gari lake, ambaye pia hutangaza mifugo. Nilimweleza mara mbili. Akashika kipaza sauti.

"Limeokotwa jina! Jina la kwenye mtandao! Alizeti pamoja na kijiji hiki! Mwenye nalo aje na alama zake!"

"Dume au jike?" mtu akauliza kutoka upande wanakouzwa mbuzi.

"Lifungeni kamba, lisije likatoroka!"

Shangazi akajifunika khanga hadi puani. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaonja pombe ya mtama akaja akiyumba. "Langu hilo. Nimelitafuta sana."

"Shikamoo mzee. Ukurasa wake una picha ya nini?"

"Yangu mimi."

"Hapana, mzee."

"Basi ya mke wangu."

Watu walikuwa bado wanacheka alipofika fundi cherehani, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye hushona pale pale mnadani.

"Kuku," alisema. "Kuku mweupe, kakaa juu ya pipa la bluu. Nilimpiga picha mwenyewe."

Ndiye. Aliwahi kuuza mafuta, akamlipa mwanachuo amtengenezee tovuti. Biashara ikafa, simu ikaibwa na laini yake, akarudi kwenye cherehani yake. "Kumbe lipo hai!" alisema, kama anayeulizia mgonjwa.

Shangazi akashusha khanga. "Mdogo wangu, wewe sasa unashona, hulitumii. Niachie. Lebo zimeshachapishwa, ni michango ya wanawake wenzangu, na mzigo wa Dodoma unaondoka wiki hii."

"Dada, mngelichukua kimya kimya nisingejua. Sasa nimejua. Siliachi."

Shangazi akanigeukia. "Umeona? Mtu alikuwa amelala, wewe umemwamsha!"

Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya cherehani ya yule fundi, akatoa lebo kwenye mfuko, akachukua mkasi ili akate ule ukingo wa chini wenye domeni.

Fundi alipiga kelele mnada mzima ukageuka. "Dada! Mkasi wa nguo haukati karatasi! Utaniulia makali!"

"Jina umeninyima, na mkasi pia?"

"Mkasi ndiyo kabisa!"

Walitazamana. Fundi akacheka wa kwanza. Akatoa wembe na rula kwenye droo, akamsogezea shangazi kigoda, wakakata pamoja, mmoja akipima, mwingine akipitisha wembe, mpaka watu wakaanza kufunga mizigo yao.

Mafuta yalifika Dodoma yakiwa na lebo fupi, na mwenye duka akayapanga bila swali. Shangazi nilimpa domeni nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, maana niliibuni mimi. Fundi naye alikuja dukani kwangu. Tukatuma kitambulisho chake kwa kampuni iliyosajili ile domeni, ikamrudishia jina, naye akalilipia.

"Nikuwekee alizeti?" nilimuuliza.

"Weka magauni."

"Dada, mtu atatafuta mafuta, atakuta magauni."

"Jina la nani?"

"Lako."

"Basi weka magauni."

Nikaweka magauni.