Nyawira, Aliyenilaza Akaniamsha

Bado mkono unataka kumpigia simu Nyawira nimuulize kama ni kweli Nyawira amekufa.

Homa ya mapafu. Wiki moja tu. Aki Mungu.

Kwa wenye hamkumjua: ni rafiki yangu tangu shule ya msingi Kangema. Kazi yake ilikuwa theatre ya hospitali hapa Nyeri, kulaza wagonjwa ndio wapasuliwe bila kusikia uchungu.

Mwaka jana nilikuwa na uvimbe tumboni na mtoto wa kunyonya mgongoni. Nyawira akaniambia, "Wewe nitakupatia mbili. Kwanza kamrija kadogo kwa mgongo, dawa iwe inapita hapo izime uchungu. Halafu usingizi wenyewe."

Nikamuuliza, "Mbili za nini? Kwani mimi ni ng'ombe?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya mgongo ikifanya kazi, ya usingizi sitakumwagia nyingi. Utaamka na akili yako, utakohoa vizuri, na huyu Chege atapata maziwa yake."

Asubuhi ya operesheni, akina mama wa kanisa wakafika na thermos ya uji. Kwetu mgonjwa haendi kukatwa na tumbo tupu. Nikapewa kikombe, nikamaliza.

Nyawira akaja. "Amekula?"

Mama mkwe akajibu haraka, "Hapana! Hajala kitu. Amekunywa uji tu."

Nyawira akaangalia mdomo wangu. "Na hizo masharubu nyeupe?"

Operesheni ikasongezwa kesho yake. Wamama walikasirika! "Ati uji imekuwa sumu?" Nyawira akawaambia pole pole, "Mama zangu, mtu akilala usingizi wangu, uji inaweza kurudi juu iingie kwa mapafu. Hapo ndio tunampoteza."

Kisha akachukua ile thermos, akajimiminia, akanywa mbele yao. "Hii ni tamu. Kesho leteni ingine, lakini mngoje aamke."

Kesho yake sauti ya mwisho niliyosikia ni yake: "Mama Chege, nipo hapa upande wa kichwa chako. Siendi mahali." Nilipofungua macho, alikuwa hapo. Jioni Chege alinyonya. Mgongo haukuniuma, na nyinyi mnaosema sindano ya mgongo inalemaza, mimi ndio huyu, nachuma majani chai.

Sasa uvimbe umetokea upande wa pili. Jumatatu narudi theatre.

Jana mama mkwe alinishika mkono. "Mwenye kukulaza ameenda. Hiyo ni ishara, mwanangu. Ngoja kwanza."

Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu. Lakini Nyawira hakunifunza kungoja. Alinifunza kuuliza." Nimeshaongea na daktari mwingine wa kulaza. Nimemuuliza kama inafaa nipate zote mbili tena, ya mgongo na ya usingizi. Amesema inafaa.

Mama mkwe aliniachilia mkono. Mwishowe akasema, "Basi uji nitapika mimi. Na hakuna mtu atafungua hiyo thermos kabla ufungue macho."

Nyawira, umesikia? Wamekusikia.

Ijumaa tunakurudisha Kangema. Wote uliowalaza uliwaamsha. Wewe sisi hatuna dawa ya kukuamsha, na hiyo ndiyo inaniuma mahali hakuna sindano inafika.

Lala, dada yangu. Shift imeisha, lala salama kabisa.

Mimi Jumatatu nitaamka. Chege ananingoja.